Wiki Mbili za Majaribio

Panya wa kwanza Pélagie alimuua saa nne asubuhi, siku ya tatu ya majaribio ya mumewe, na kusema kweli hakuwa na nia mbaya yoyote. Alikuwa amechoka tu. Panya huyo alikuwa ametoboa mfuko wa unga wa muhogo, akapanda hadi kwenye ile mashine nyeupe iliyochomekwa ukutani, akapita juu ya taa yake ya buluu, kisha akashuka kwa raha zake kama mwenye nyumba. Pélagie alichomoa mtego wa zamani chini ya kitanda, akautega nyuma ya mfuko, akatoka kibarazani kuchambua maharage. Haukupita muda, pa! Alimfunga marehemu kwenye kaveera, mfuko mweusi wa plastiki, akaenda kumtupa shimoni nyuma ya choo, akanawa mikono kwa sabuni. Akaamua kwamba jioni mumewe akirudi atamwambia kuwa mashine ile ni bure kabisa.

Jioni ilipofika, Bisimwa alirudi kutoka kutafuta kibarua, akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya kuomba maji akachukua tochi ya simu na kupiga magoti. Alimulika nyuma ya mfuko, chini ya kitanda, kando ya masufuria. Alipitisha kidole kwenye pembe za sakafu kutafuta kinyesi cha panya. Kisha akafungua daftari la shule alilomwomba binti yao Esperance, akaandika: Siku ya tatu, hakuna.

"Mama Espe, uko naona?" alisema. "Juzi walikuwa wanakimbia hapa, jana mmoja tu, leo hata alama hakuna. Hii kitu inafanya kazi."

Akatabasamu. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu kampuni ya ulinzi ilipomwachisha kazi, na kwa miezi yote hiyo Pélagie hakuwa ameyaona meno ya mumewe ila wakati wa kula. Akamtilia maji ya kunywa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Asuman, mwenye duka la vifaa vya umeme kule Nakivubo, jijini Kampala, alikuwa na maboksi na maboksi ya mashine za kufukuza panya. Kila moja ina ukubwa wa kipande cha sabuni, unaichomeka ukutani, inatoa sauti ambayo masikio ya binadamu hayaisikii lakini panya akiisikia, eti, anapata wazimu na kuhama. Juu ya boksi wamechorwa panya, mende, mbu na buibui, kila mmoja amepigwa mstari mwekundu. Asuman alimwambia Bisimwa achukue kumi, azitembeze nyumba kwa nyumba, wagawane faida.

Bisimwa akamjibu kwamba hawezi kuuza kitu ambacho hajakipima mwenyewe.

"Unapima nini, Mwalimu?" Asuman alicheka mpaka akashika meza. "Wewe uza tu. Kupima ni kazi ya mnunuzi."

Walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha hata siku moja. Walimwita hivyo kwa sababu alisoma kila karatasi mpaka mwisho, hata ile inayokuja ndani ya pakiti ya vidonge. Ya mashine aliisoma kwa Kifaransa, lugha aliyosomea kwao kabla ya kuja Kampala, mara mbili, ikasema matokeo yataonekana baada ya wiki mbili. Basi akaomba moja, akajipa wiki mbili, akaapa mbele ya Asuman kwamba akiona panya hata mmoja siku ya kumi na nne, atairudisha na waachane kwa salama.

Mtu mwingine angekubali kuuza siku hiyo hiyo na akalala usingizi wake. Bisimwa hakuumbwa hivyo, na mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kampala. Ndiyo maana siku ya nne Pélagie alitega tena. Alijiambia ni mara hii tu. Siku ya sita wakanaswa wawili, mmoja asubuhi na mmoja saa saba mchana, na kila mara alitega mumewe akiwa hayupo, akafagia, akapiga deki, akaficha mtego ndani ya beseni la nguo chafu, mahali ambapo Bisimwa hangegusa maisha yake yote. Wiki mbili zilipotimia, daftari lilikuwa safi tangu siku ya tatu na shimo la takataka lilikuwa limepokea panya kumi na wawili.

"Imepita mtihani," Bisimwa alisema, akalifunga daftari kwa mikono miwili.

Pélagie akamwambia hongera. Alijichukia kidogo, lakini si sana, kwa sababu Jumatatu iliyofuata mumewe alinyoa ndevu, akapiga shati pasi ya makaa, akatoka na begi lake begani akiwa amenyooka.

*

Aliuza. Hakuna aliyetegemea, hata Asuman. Wachuuzi wengine walipiga kelele na kusifu bidhaa kama wanaogombana nayo, lakini Bisimwa aliingia kwa adabu, akakaa akikaribishwa, akafungua daftari na kuwaonyesha siku moja moja. Alisema, "Mimi mwenyewe niko nayo nyumbani. Nilipima wiki mbili. Nikikudanganya, unajua pa kunipata." Watu walimtazama usoni, wakaona mtu anayeamini anachosema, wakatoa pesa.

Pale kwenye ua wao mnunuzi wa kwanza alikuwa Hajjati Munirah, mwenye nyumba, mwanamke ambaye alikuwa amepiga marufuku pasi ya umeme, jiko la umeme na hata birika, kwa vile mita ilikuwa moja kwa vyumba vyote. Mashine hizi alizipenda. Alichukua mbili akazichomeka katika kibanda chake cha kuchaji simu, ambako hapakuwa na punje ya chakula na panya hakuwahi kuwa na sababu ya kuingia. Akatangaza kwa kila mpangaji kwamba zinafanya kazi sana.

Wa pili alikuwa Rosebella, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa Mkenya, mume wake Ondiek alikuwa dereva wa lori na mara nyingi yuko njiani, naye alipika chapati kibarazani tangu alfajiri na kuzipeleka kwenye vibanda vya chakula Kabalagala. Mtoto wao, Whitney, alikuwa wa miezi minane. Palipo na magunia ya ngano panya hawakosi, na Rosebella aliwadhibiti kwa paka mmoja mwembamba wa rangi ya majivu, mwizi wa samaki, aliyechukiwa na ua mzima.

"Mama Espe," Rosebella aliita siku moja akisukuma donge, "hiyo kitu hulia pa kwako kila saa nne ni nini?"

Pélagie alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ukasimama. "Sufuria," akasema.

"Sufuria gani huanguka kila siku na saa zake?" Rosebella alicheka. Hakuwa mtu wa kudadisi. "Anyway, nimechukua mashine kwa Mwalimu. Na paka nimempeana."

"Umempa nani?"

"Msichana mmoja wa pale naposhukisha chapati. Si Mwalimu amesema panya watahama? Sasa paka nitamlisha wa nini? Jana amekula samaki ya Ondiek, hata mwiba hakuacha."

Pélagie aliweka ungo wa maharage chini. "Ungemwacha kwanza," alisema. "Wiki mbili, tatu. Uone. Ama uweke na mtego pembeni."

"Mtego na mtoto anaanza kutambaa? Aki, Mama Espe! Kwani wewe unatumia mtego?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine kibarazani, mafuta yalikuwa yanachemka taratibu, na Rosebella angecheka tu, labda angeahidi kutomwambia mtu. Pélagie alifikiria shati lililopigwa pasi. Alifikiria Esperance, ambaye alikuwa amelipiwa shule muhula ule bila mtu kwenda kumpigia magoti mtu.

"Hapana," alijibu. "Sitegi."

*

Mtoto aling'atwa siku ya Alhamisi mchana, akiwa amelala. Rosebella alikuwa nje, hatua sita tu, anageuza chapati. Alisikia kilio ambacho si cha njaa, akatupa mwiko, na alipoingia alimwona panya akishuka kitandani bila haraka. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Whitney vilikuwa vinatoka damu. Ukutani taa ya buluu ilikuwa inawaka.

Alimbeba hadi hospitali ya Mulago na unga mikononi. Alirudi saa kumi jioni, mtoto amechomwa sindano, amefungwa bendeji inayokaribia kuwa kubwa kuliko mkono wenyewe. Bisimwa naye ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani na begi lake. Rosebella hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwake, akaichomoa mashine, akaja kuiweka chini, mbele ya viatu vya Bisimwa.

"Mwalimu, chukua kitu yako."

Watu walikusanyika, kama wanavyokusanyika. Hajjati Munirah aliletewa kiti cha plastiki, akaketi katikati, kwa vile jambo lolote linalotokea kwenye ua wake ni kesi na yeye ndiye hakimu. Bisimwa alimtazama mtoto na macho yakamlowa. Alikuwa ameumia kwelikweli. Lakini alikuwa pia mtu wa utaratibu, akaanza kuuliza: mashine ilikuwa inawaka? Inawaka. Nyuma ya pazia au mahali wazi? Karatasi inasema kitambaa kinameza sauti. Ilikuwa wazi. Imekaa siku ngapi? Wiki tatu.

"Mama Whitney, sikutukani," alisema, akatoa daftari. "Lakini mimi nilipima. Wiki mbili, kila siku, na tochi. Tangu siku ya tatu hata panya moja hakuna. Chumba ni ileile, ukuta ni moja. Kwangu hawapo, kwako wapo. Lazima kuna kitu inawaita." Akasita, kwa sababu hakupenda alichokuwa anakaribia kusema, lakini aliamini ni kweli. "Panya inafuata harufu. Vidole ya mtoto, pengine, ilikuwa na mafuta?"

Uso wa Rosebella ukashuka.

"Eeeh!" Munirah alipiga mapaja. "Mimi nasema hii maneno zamani! Unga hapa, mafuta pale, sukari pale! Kwangu dukani mashine mbili, panya hakuna. Kwa Mwalimu hakuna. Kwa huyu tu! Wewe mama, nnyabo, hii nyumba yangu iko safi. Kama wewe nataka pika chapati, tafuta kwingine. Mwezi ikiisha, wewe hama."

Mtu mmoja akasema si vizuri, mtoto ameumia. Mwingine akasema hata yeye aliwahi kuona mende wakitokea upande ule. Rosebella, ambaye kwa kawaida angemjibu kila mmoja kwa zamu yake, aliuinua mkono wa mwanawe, akausogeza puani, na mbele ya watu wote akaanza kuunusa. Alinusa bendeji, akanusa kiganja, akanusa vile vidole vitatu vilivyobaki wazi, akitafuta kama kweli kulikuwa na mafuta.

Pélagie alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu mwanzo. Alipoona hivyo hakuweza tena. Aliingia ndani, akapindua beseni la nguo chafu, akatoka na mtego, akauweka chini kando ya mashine.

"Ni mimi," alisema. "Panya wapo. Walikuwapo siku zote. Nilikuwa nawaua mchana, nawatupa kule nyuma. Mama Whitney yuko msafi kuliko mimi."

Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Kisha Munirah akasema "Kumbe!" akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa uani, kikubwa, cha watu waliokuwa wameogopa kidogo na sasa wamepata nafuu. Mwalimu wa panya! Mke anaua, mume anaandika! Pélagie hakuwatazama hao. Alimtazama mumewe.

Bisimwa hakucheka wala hakukasirika. Alitoa kalamu mfukoni.

"Siku ya tatu?" aliuliza.

"Mmoja."

Aliandika. "Siku ya nne?"

"Mmoja."

"Ya tano?"

"Papa Espe, twende ndani."

"Siku ya tano, mama."

"Mmoja. Ya sita wawili."

Alienda hivyo siku kwa siku, akikata neno hakuna kwa mstari ulionyooka na kuandika idadi pembeni, huku kicheko kikipungua mpaka kikaisha, kwa sababu halikuwa tena jambo la kuchekesha. "Siku ya tisa?"

"Siku ya tisa hakuna," Pélagie alisema, machozi yakimtiririka. "Siku hiyo kweli hakuna."

Hiyo akaiacha kama ilivyo.

Munirah alitaka pesa zake za mashine mbili na alizitaka kesho. Habari ya kuhama kwa Rosebella haikutajwa tena na mtu yeyote. Rosebella mwenyewe alimfunika mtoto, akamsogelea Pélagie karibu sana, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Nilikuambia nimempeana paka. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Pélagie alisema.

Rosebella akaingia kwake, akafunga mlango.

*

Walikula maharage. Esperance alimaliza haraka akaenda kufanya kazi za shule nje, kwenye mwanga wa kibaraza. Pélagie alisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, ingawa Bisimwa hakuwahi kumpiga. Afadhali lingekuwa kofi.

"Asuman alikuwa anacheka," Bisimwa alisema mwishowe. "Nilifikiri anacheka sababu mimi ni mtu ya kijijini. Kumbe alikuwa anajua."

"Samahani, papa Espe."

"Mimi niliapa mbele ya batu. Banafungua mulango sababu ya sura yangu. Sasa hiyo sura nitaipeleka wapi?"

"Miezi mitano ulikuwa hucheki," Pélagie alisema. "Unaamka, unakaa pale kwenye kitanda, unatazama ukuta. Siku ile ukacheka. Ningesema nini?"

Bisimwa alikuwa mtu ambaye akiulizwa swali hulijibu. "Ungesema panya yuko," alisema. "Ningeirudisha. Ningekaa tena nitazame ukuta. Lakini yule mtoto angekuwa na vidole yake mizima."

Pélagie akainamisha kichwa. Lilikuwa jambo la kweli.

Bisimwa akavuta daftari, akafungua kurasa za nyuma ambako alikuwa ameandika majina ya wanunuzi na mahali wanapokaa. Walikuwa arobaini na watatu. Akasema kesho ataanza kuwapitia mmoja mmoja. Pesa atarudisha polepole, akipata. Ila kwanza waambiwe, kwa sababu kuna watoto katika nyumba hizo, na wengine nao huenda wamewafukuza paka wao.

"Nitaenda na wewe," Pélagie alisema. "Nitasema mimi. Ni kosa yangu, nisiposema wewe ndiye unaaibika."

Asubuhi Bisimwa alipochukua begi alimsubiri mlangoni, akamwacha atangulie.

*

Jina la kwanza katika orodha lilikuwa la Okullo, sajini mstaafu wa polisi, aliyepanga nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko chini ya Mulago. Njia nzima Pélagie alirudia maneno yake kimoyomoyo. Mimi ni mke wake. Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyedanganya. Alitamani nyumba yenyewe iwe mbali zaidi.

Okullo alikuwa ameketi nje akisikiliza redio. Alipomwona Bisimwa alisimama wima, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mwalimu! Wewe mutu ya maana kabisa! Karibu! Ile kitu yako iko kali sana. Panya yote natoroka! Mimi nalala sasa usingizi kama mutoto." Alikuwa ameshatoa noti mfukoni na kuzinyoosha mbele yao. "Leta ingine mbili. Moja ya shemeji yangu, yeye hapana amini mimi. Nataka onyesha yeye."

"Afande," Bisimwa alisema, "nimekuja juu ya ile mashine. Haifanyi kazi."

"Haifanyi wapi?"

"Popote. Nilikosea. Nilikuuzia kitu ya bure. Nitakurudishia pesa, lakini unipe siku."

Okullo alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Mwalimu, wewe nachekesha mimi. Hapa nafanya! Mimi nanunua, mimi nachomeka kwa mukono yangu, mimi naambia mutaa yote. Panya hata moja hakuna. Kama wewe hapana amini, uliza bibi." Akageukia mlango. "Ayoo! Kuja. Ambia Mwalimu. Tangu mimi naleta ile mashine, wewe naona panya hapa ndani?"

Ayoo, mwanamke mwembamba, alitokea mlangoni na ufagio mkononi. Alimtazama mumewe, akaona zile noti alizokwisha kuzinyoosha mbele ya wageni.

"Hapana," alisema, akiutazama ufagio. "Sijaona."

"Unasikia?" Okullo alisema.

Pélagie aliijua ile sauti; ilikuwa yake mwenyewe. Alimtazama Ayoo, na Ayoo akainua macho mara moja tu, akatikisa kichwa kidogo sana, akimwomba asiseme.

Bisimwa aliona. Alimtazama mkewe, akamtazama yule mwanamke, akarudi kwa mkewe tena. Hakuzigusa zile noti. Alishusha begi lake chini, taratibu, akasogea hatua moja kuelekea mlangoni.

"Mama," alimuuliza kwa upole, "wewe unawatupa wapi?"